Mpaka wa Milima ya Andes

Jirani wawili wakigombea mpaka, kila mmoja ana alama yake: huyu mti, yule kijito. Ndivyo ilivyokuwa kwa Argentina na Chile. Mapatano ya 1881 yalitaja vilele virefu vinavyogawa maji. Lakini huko kusini mito mingine huanzia mashariki ya vilele hivyo. Argentina ikashika vilele, Chile ikashika maji. Wakanunua manowari; ilibaki kidogo vita vizuke.

Mwishowe wakamwachia hukumu Edward VII, mfalme wa Uingereza. Wajumbe wake walikwenda kuyaona mabonde yenyewe, naye mwaka 1902 akawagawia. Hakuna aliyepata yote; wote wawili wakakubali. Mwaka 1904 wakasimamisha mpakani sanamu ya Kristu Mkombozi.

Nawe mwite mwamuzi shambani kabla hujashika panga.