Saratani ya utumbo ikifika kwenye ini (Sehemu ya 4)

Mama zangu wa Karagwe na Kyerwa, mliniuliza inbox: saratani ya utumbo mpana ikishafika kwenye ini, si ndiyo basi tena?

Zamani kwa wengi ilikuwa ndiyo basi. Damu inayotoka kwenye utumbo hupitia ini kwanza, ndiyo maana ugonjwa huhamia huko. Daktari akifungua tumbo akakuta mavimbe kila upande wa ini, anashona, mgonjwa anarudi nyumbani.

Dawa za saratani nazo zina historia hapa jirani, ukivuka Murongo. Mwaka 1957 pale Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye mavimbe ya taya, na baadaye wengine wengi. Kisu kilishindwa. Dawa ndizo zilizoyeyusha mavimbe yale, na wapo watoto waliopona kabisa. (Ni Burkitt huyohuyo aliyekuja kusema kwamba vyakula vyenye nyuzinyuzi vinakinga utumbo. Maharage yetu hayo, msiyadharau.)

Saratani ya utumbo ni mkaidi zaidi. Dawa ya fluorourasili, iliyotangazwa mwaka huohuo wa 1957, ilipunguza uvimbe, lakini ukishafika kwenye ini, dawa peke yake mara chache sana iliponya. Kisu peke yake kilifaa wachache wenye uvimbe mdogo.

Ndipo madaktari wa hospitali ya Paul Brousse, Ufaransa, Henri Bismuth na René Adam, wakaviunganisha: dawa kwanza, kisu baadaye. Mwaka 1996 walitoa matokeo. Kati ya wagonjwa 330 walioambiwa hawapasuliki, 53 walipasuliwa baada ya dawa kupunguza uvimbe. Katika hao, takriban 40 kwa 100 walikuwa hai miaka 5 baadaye. Wengi hawakufika hapo, siwafichi. Ila kabla yake karibu wote wangekufa.

Inawezekana kwa sababu ini huota tena. Ukikata hata nusu, lililobaki likiwa zima linakua. Lakini dawa zikizidi muda zinalichosha ini lenyewe, kwa hiyo daktari wa dawa na wa upasuaji lazima wapange pamoja tangu mwanzo.

Kwa hiyo baba au bibi akipewa rufaa kwenda Bugando au Ocean Road, kabla hamjakubali kurudi nyumbani kusubiri, ulizeni: "Daktari wa upasuaji wa ini ameiona hii CT scan?" Na ulizeni tena baada ya dripu za miezi 2 au 3, kwa sababu jibu linaweza kubadilika.