Kiapo na Kalamu: Elimu na Umoja wa Wanawake wa Kigiriama

Wanaoandika historia ya elimu katika pwani ya Kilifi na Malindi aghalabu huanzia Rabai, mwaka 1846, wamisionari Krapf na Rebmann walipofanya makao yao huko. Mwanzo huo una kasoro moja kubwa. Kwa kuwa kwa miaka mingi wasichana wa Kimijikenda waliopita katika madarasa ya misheni walikuwa wachache, msomaji huelekezwa aamini kwamba wanawake hawa hawakuwa na elimu yoyote ya kuwaunganisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba elimu hiyo ilikuwako, kwamba iliwahi kuutikisa utawala wa kikoloni, na kwamba iliposhindwa, ilishindwa na karatasi.

Mfano ulio wazi ni ule wa Mekatilili. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mnyazi wa Menza. Mekatilili ni jina la uzazi, lenye maana ya mama wa Katilili. Mwaka 1913, Waingereza walipokuwa wakidai kodi ya nyumba na vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, mjane huyu alizunguka vijiji vya Wagiriama akiwahimiza watu wakatae. Masimulizi yanaeleza kwamba alikusanya watu kwa kifudu, ngoma ya wanawake iliyohusiana na mazishi. Jambo hili si dogo. Ngoma ya namna hiyo ilikuwa na mafunzo yake, miiko yake na wakuu wake, na mwanamke aliyeingia humo alifundishwa kunena, kutunza siri na kutii shauri la wenzake. Chama cha kuwaunganisha wanawake kilikuwa tayari, na Mekatilili alikitumia.

Masimulizi hayo hayo yanahifadhi kisa cha kuku. Yasemekana kwamba barazani Mekatilili alimwendea ofisa wa Kiingereza akiwa na kuku mwenye vifaranga, akamwambia ajaribu kutwaa kifaranga kimoja. Kuku akamdonoa. Ndipo Mekatilili akamweleza kwamba hayo ndiyo yatakayompata akitaka kuwachukua wana wa Wagiriama. Hata kama kisa hiki kimepambwa kwa kusimuliwa mara nyingi, chatuonyesha njia ya ufundishaji: hoja ya siasa iliwekwa katika mfano ambao kila mama aliyefuga kuku aliuelewa bila mkalimani.

Mafunzo hayo yalitiwa muhuri kwa viapo huko Kaya Fungo: wanawake waliapa kiapo cha mukushekushe, na wanaume cha fisi. Serikali ilielewa uzito wake. Mekatilili alikamatwa Oktoba 1913 pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakahamishwa hadi Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 walitoroka wakarudi kwao, na Agosti mwaka huo wakakamatwa tena. Mwezi huo huo kaya ililipuliwa kwa baruti, vita vikafuata, na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kufukuzwa kaskazini ya mto Sabaki. Hata hivyo, adhabu hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba viapo vilikuwa vimewaunganisha watu.

Lakini wakati kiapo kikiapwa, kalamu nayo ilikuwa kazini. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wayapeleke ofisini yaandikwe. Wamijikenda wengi waliolima humo hawakupata hati, na wajukuu wao wakaja kuitwa maskwota katika ardhi waliyozaliwa. Kaya iliweza kumfunga mtu asivunje ahadi, lakini haikuweza kuingiza jina lake katika daftari la serikali.

Kwa hiyo elimu ya kusoma na kuandika ilikuja kuwa haja ya haki. Mwaka 1979 serikali ya Kenya ilipoanzisha kampeni ya kisomo cha watu wazima, madarasa yaliyojulikana kwa jina la ngumbaru yalijaa wanawake kuliko wanaume. Mwanamke aliyejifunza kuandika jina lake hakuhitaji tena kutia kidole gumba katika karatasi aliyosomewa na mtu mwenye kuitamani ardhi yake. Sheria nazo zilibadilika. Sheria ya Urithi ya 1972, iliyoanza kutumika 1981, haikubagua mtoto wa kike na wa kiume, ingawa baadaye urithi wa Waislamu uliachiwa sheria ya dini yao. Katiba ya 2010 ikaagiza kuondolewa kwa ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi.

Hata hivyo, haki iliyoandikwa yahitaji wa kuisoma, na hapa ndipo wanazuoni wa lugha wanapohusika. Katiba hiyo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini sheria za Bunge bado huandikwa kwa Kiingereza. Mjane wa Ganze au Magarini huzungumza Kigiriama nyumbani, hufundishwa kusoma kwa Kiswahili, kisha huletewa shauri lake kwa lugha ya tatu. Tusishangae basi akinyamaza mbele ya hakimu.

Mekatilili hakukabiliwa na tatizo hilo mbele ya wanawake wenzake, kwani aliwafundisha kwa lugha yao na katika chama chao. Kama twataka sheria ya urithi ifanye kazi iliyofanywa na kiapo cha 1913, hatuna budi kuitafsiri kwa Kiswahili chepesi, kuifafanua kwa Kigiriama, na kuipeleka pale wanawake wanapokutana kwa hiari yao: katika vyama vya kuweka na kukopa, misibani, na katika madarasa ya jioni.