Habari za Msaada wa Muda Katika Kibera



Katika kitabu hiki huwekwa kila mwaka hesabu ya misaada iliyotolewa kwa jamaa waliopatwa na msiba au kukosa kazi. Safari hii tumeona vema kueleza pia habari za misaada ya Serikali iliyopata kufika hapa kwetu, maana wengi huuliza kwa nini jamaa wengine husimama wakiisha kusaidiwa, na wengine hurudi palepale walipokuwa.

Asili ya Kibera yenyewe ni msaada. Askari Wanubi wa King's African Rifles, ambao asili yao ni Sudan, waliruhusiwa kukaa katika msitu huu badala ya kulipwa pensheni, na mwaka 1918 eneo la eka zaidi ya 4,000 likatengwa kwa ajili ya jeshi. Lakini walichopewa kilikuwa ruhusa ya kukaa, wala si milki. Wakajenga, wakalima, wakazaa, na bado walihesabiwa kama wageni katika mashamba yao. Wajukuu wao walikabidhiwa hati mwaka 2017, nayo ilikuwa ya eka 288 tu.

Mwaka 2014 Huduma ya Vijana kwa Taifa, yaani NYS, ilileta kazi ya ujira. Vijana walichimba mitaro, wakajenga vyoo na kutengeneza barabara, na sehemu ya ujira wao ikawekwa katika chama cha akiba na mikopo. Jambo hilo lilikuwa la busara kuliko mengi tuliyoyaona. Huko Marekani, tangu mwaka 1933, vijana waliopewa kazi za misitu wakati wa dhiki kuu walilipwa dola 30 kwa mwezi, na dola 25 kati ya hizo zilipelekwa moja kwa moja kwa wazazi wao. Hapa kwetu, kwa bahati mbaya, mwaka 2015 kulizuka kashfa ya shilingi milioni 791 katika NYS, na kazi zikafifia kabla akiba hazijakomaa.

Kisha yakaja maradhi ya Korona. Tarehe 10 Aprili 2020, siku ya Ijumaa Kuu, watu walisongamana hapa Kibera kugombea chakula cha msaada. Polisi wakatupa mabomu ya machozi, na wengi wakaumia, wakiwamo akina mama. Mwishoni mwa mwezi huohuo ikaanzishwa Kazi Mtaani. Awamu ya kwanza ilichukua watu wapatao 26,000 katika mitaa michache ya nchi, Kibera ikiwamo. Ile ya pili, iliyoanza Julai, ikachukua zaidi ya 270,000. Mfanyakazi wa kawaida katika awamu ya pili alipata shilingi 455 kwa siku, akifagia na kuzibua mitaro kwa zamu.

Tusiidharau fedha hiyo. Mwenye nyumba alilipwa, na daftari la madeni dukani likapungua. Ila kwa zamu chache katika mwezi, mtu mwenye watoto hakuweza kubakiza cha kununulia cherehani wala mtaji wa kuuza mboga. Wala akiba ya lazima, kama ile ya 2014, haikuwapo. Kwa maoni yetu hapo ndipo palipokuwa na kasoro, kuliko hata ule uchache wa ujira ambao watu waliulalamikia zaidi.

Mwezi wa Oktoba 2022 Rais William Ruto, akiwa hapa Kibera katika Soweto Mashariki, alitangaza kwamba vijana wa Kazi Mtaani watahamishiwa kwenye ujenzi wa nyumba. Tofauti kati ya ujira wa mwashi na ule wa mbeba kokoto kila mzee hapa aijua, na miaka ile miwili vijana wengi walikuwa wamefundishwa kushika ufagio na sepetu tu.