Mwendo wa Polepole: Historia ya Istilahi Moja ya Filamu

Katika uundaji wa istilahi, kosa dogo la jina huweza kuzaa kosa kubwa la kazi. Katika makala haya tunakusudia kulidhihirisha jambo hilo kwa istilahi moja ya filamu, yaani mwendo wa polepole.

Mwaka 1904 August Musger, padri na mwalimu wa fizikia nchini Austria, alisajili mtambo wa vioo uliowezesha mwendo huo. Kanuni yake ni kinyume cha jina lake: kamera hupiga kwa kasi, tuseme picha 48 kwa sekunde, zikionyeshwa 24 kwa sekunde, tendo la sekunde moja huchukua mbili. Mwaka 1928 Jean Epstein wa Ufaransa aliutumia kuijaza filamu yake ya nyumba ya Usher majonzi na hofu. Mwaka 1954 Akira Kurosawa wa Japani aliutumia kuonyesha kifo.

Kwetu, upolepole ulipewa maana nyingine. Baada ya majaribio ya filamu ya Vugiri, Usambara, 1935 hadi 1937, Waingereza waliunda mwaka 1939 kitengo cha filamu za makoloni. Kiongozi wake, William Sellers, alishikilia kuwa Mwafrika aonyeshwe picha zinazokawia, zisizo na hila za kamera, eti asije akachanganyikiwa. Upolepole huo ulikuwa wa dharau.

Sasa tutazame Kibondo na Kasulu, ambako Waha waliwapokea wakimbizi wengi wa Burundi kuanzia 1993 na wa Kongo kuanzia 1996, na Kiswahili kikawaunganisha. Kirundi husema *buhoro* kwa polepole na *amahoro* kwa amani; Kiswahili nacho kina *pole* ndani ya *polepole*. Jina, basi, limekwisha kubeba hisia. Lakini mwanafunzi wa huko anayetaka kuonyesha matanga, akiambiwa "piga polepole" naye akapunguza kasi ya kamera, waombolezaji watakwenda mbio na msiba utageuka kichekesho.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi mbili: *upigaji wa kasi* kwa kazi ya kamera, na *mwendo wa polepole* kwa kile akionacho mtazamaji. Mwalimu akizitenga hizo mbili, mwanafunzi ataweza kuusimulia msiba wa kwao kwa heshima unayostahili.