Kompyuta yenye Windows na Linux: kupiga moja upya bila kuipoteza nyingine

Fundi akiambiwa "nipigie Windows upya", mara nyingi hufanya kitu kimoja: anachomeka flashi, anafuta kila anachokiona kwenye diski, anaweka Windows mpya. Kwa mashine yenye Windows peke yake hilo halina neno, mradi mafaili yamehifadhiwa pengine. Kwa mashine yenye mifumo miwili ni balaa. Mwanafunzi wa SUZA anayeandika tasnifu yake upande wa Linux anaweza kuipeleka laptopu Darajani asubuhi, akairudisha nyumbani jioni haina hata ukurasa mmoja.

Mashine za mifumo miwili zina sababu zake. Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mitumba hazikubaliki kwenye Windows 11, ambayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Ndipo watu wanapoweka Linux, mara nyingi Ubuntu au Mint, pembeni ya Windows ya zamani.

Diski ya namna hiyo ni kama nyumba ya Mji Mkongwe inayokaliwa na familia mbili: vyumba mbalimbali, mlango wa mbele mmoja. Vyumba ni patisheni. Mlango ni programu ndogo inayoamka kwanza na kuuliza, unataka kuingia wapi? Kwenye Linux programu hiyo huitwa GRUB. Chumba kimoja kikivunjwa na kujengwa upya, cha pili hakiguswi. Kinachovurugika ni mlango, na mlango unatengenezeka. Kisichotengenezeka kirahisi ni chumba kilichofutwa kwa makosa.

Kwa hiyo kazi inaanza na bekapu kwenye diski ya nje, ya pande zote mbili, hata ule usioguswa. Pili ni betri. Wanaokumbuka kiza cha Unguja cha Desemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kuambiwa umeme unaweza kufanya nini, na laptopu ya mtumba yenye betri iliyokufa huzima papo hapo waya ukikosa moto. Umeme ukikatika wakati patisheni inabadilishwa ukubwa, data yote iko hatarini. Tatu ni bando: faili la Ubuntu 24.04 lina karibu GB 6, na la Windows linataka flashi isiyopungua GB 8.

Kabla ya kuanza, iangaliwe pia kama diski imefungwa kwa BitLocker. Laptopu nyingi mpya huifunga zenyewe pale mwenyewe anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila yeye kujua. Mpangilio wa kuwaka ukibadilishwa, Windows inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida huwa umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo hiyo, na wakati wa kuunakili ni kabla ya kazi.

Kama Windows ndiyo inayopigwa upya

Kwenye kisakinishi huchaguliwa njia ya "Custom", si ile ya kusasisha. Hapo hutokea orodha ya patisheni, na hapa ndipo watu wanapoangamia. Windows haiitambui Linux. Patisheni yake huonekana kama kipande kisicho na jina, na asiyejua hukidhania kitupu. Dawa ni kuandika ukubwa wa kila patisheni kwenye karatasi mapema, mfumo wa zamani ungali unawaka. Inayofomatiwa ni ile ya Windows tu. Ile ndogo iliyoandikwa "System", mara nyingi ya MB mia na kitu, iachwe kama ilivyo, maana ndimo milango yote miwili inamokaa.

Windows ikimaliza, itawaka yenyewe moja kwa moja kana kwamba Linux haijawahi kuwepo. Wengi hapo huangua kilio bure. Kwenye mashine za UEFI GRUB bado ipo, ila imesukumwa nyuma. Mara nyingi inatosha kuingia kwenye mipangilio ya BIOS (F2, F10 au Delete, kutegemea kampuni) na kuiweka "ubuntu" iwe ya kwanza.

Mashine za zamani za BIOS ni habari nyingine, kwa sababu huko Windows huandika juu ya GRUB. Mashine huwashwa kwa flashi ya Ubuntu bila kusakinisha kitu, kisha mlango hurudishwa. Ikiwa Linux iko sda5:

sudo mount /dev/sda5 /mnt
sudo grub-install --boot-directory=/mnt/boot /dev/sda

Anayeogopa amri anaweza kutumia programu ya Boot-Repair. Linux ikishawaka lakini Windows haimo kwenye orodha, GRUB za karibuni huwa zimeacha kutafuta mifumo mingine. Kwenye faili /etc/default/grub huandikwa GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha hufuata sudo update-grub.

Kama Linux ndiyo inayopigwa upya

Huku kuna nafuu, kwani Ubuntu inaitambua Windows na mlango huuweka yenyewe. Hatari ni neno moja kwenye skrini: "Erase disk". Hilo hufuta vyote. Huchaguliwa njia ya kupanga kwa mkono, ile patisheni ya ext4 ya zamani inapewa alama "/" na kufomatiwa, na ile ndogo ya mfumo inatumika bila kufomatiwa. Mwenye /home kwenye patisheni yake hairuhusu ifomatiwe, na mafaili yake yatamsubiri.

Anayempelekea fundi anamwambia wazi, tena kwa maandishi: "Fundi, humo mna Linux, usiifute. Fomati hii ya GB 120 tu." Akijibu kwamba lazima afute yote, atafutwe mwengine.

Baada ya yote, saa ya Windows inaweza kurudi nyuma saa 3. Si kirusi. Linux huiweka saa ya mashine kwa UTC, Windows huisoma kama saa ya hapa, na Afrika Mashariki iko saa 3 mbele. Mwenye programu ya adhana kwenye kompyuta huligundua mapema, alasiri inapoadhiniwa karibu na magharibi. Amri moja upande wa Linux huliondoa: timedatectl set-local-rtc 1.