Jinsi Wakulima wa Iowa Walivyoipokea Mbegu Mpya

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni wakulima, na wasio wakulima wamelelewa kwa jembe. Hawatashangaa basi tukisema ya kuwa hakuna neno zito kumwambia mkulima kama hili: "Iache mbegu ya baba yako, upande hii." Mara nyingi neno hilo husemwa barazani na bwana shamba; wazee huitikia kwa adabu, "Vema, bwana," kisha hurudi nyumbani wakapanda ile ile ya zamani. Sisi tuliopata elimu kidogo huwaita watu wa namna hiyo wakaidi. Tuliwaita hivyo miaka mingi, hata tulipopata kusoma habari za wakulima wa Iowa, katika Marekani, tukaona haya.

Iowa ni nchi tambarare yenye udongo mweusi wa rutuba, na mahindi ni mali yake kubwa tangu zamani. Wakulima wake wa siku zile walikuwa watu wa shule, wenye magazeti ya kilimo na motokaa. Mwaka 1941 wataalamu wawili wa chuo cha Ames, Bryce Ryan na Neal Gross, walitaka kujua jinsi mbegu mpya ya mahindi ilivyoenea katika wilaya ya Greene. Gross ndiye aliyetembea shamba kwa shamba, tangu alfajiri, akiwauliza wenyewe. Naye alikuwa amelelewa mjini. Mkulima mmoja alitaka shauri lake juu ya kukomesha gugu fulani, ambalo jina lake la Kiingereza lina neno "farasi" ndani yake. Gross akadhani farasi anaugua, akamwambia amwite mganga wa wanyama! Walakini kazi yake aliifanya vema. Majibu ya wakulima 259 yaliandikwa, na habari zake zikapigwa chapa mwaka 1943.

Mbegu yenyewe ilikuwa ile tuitayo chotara. Kila aliyelima mahindi ameona mbelewele juu ya bua, na nywele zitokazo katika hindi changa. Unga wa mbelewele huanguka juu ya nywele, ndipo punje zitungapo. Katika shamba la kawaida upepo ndio mshenga, nao huoza yeyote kwa yeyote. Watengenezaji wa chotara huunyang'anya upepo kazi hiyo. Hutenga ukoo mmoja wa mahindi ukajizalia wenyewe vizazi kadha wa kadha, hata ukadhoofika. Hufanya vivyo hivyo kwa ukoo wa pili. Kisha huzioza koo hizo mbili, na mtoto wao hutoka na nguvu kupita wazazi wake wote. Huko Iowa chotara ilizidi mbegu ya zamani kwa kadiri ya 20 katika 100. Ila ina sharti moja: nguvu hiyo ni ya kizazi cha kwanza tu. Mkulima akiweka punje za mavuno yake na kuzipanda tena, mavuno hupungua. Hana budi kununua mbegu kila mwaka.

Kabla ya hapo mkulima wa Iowa alichagua mbegu kwa macho. Palikuwa na maonyesho, na mahindi yaliyonyoka, yenye mistari ya punje iliyolingana, ndiyo yaliyopewa tuzo. Mwaka 1904 kijana mmoja, Henry A. Wallace, alipanda punje za mahindi yaliyosifiwa pamoja na za yale yaliyodharauliwa, akayapima mavuno yake, akaona ya kuwa uzuri wa sura haukuleta wingi wa chakula. Kijana huyo ndiye aliyeanzisha kampuni ya kuuza chotara mwaka 1926, na baadaye akawa Makamu wa Rais wa Marekani. Lakini kuonyesha kosa la wazee ni kazi ya msimu mmoja. Kuwageuza wazee ni kazi nyingine.

Katika wilaya ya Greene mbegu hiyo ilianza kupokewa mwaka 1928. Hata kufika mwaka 1933 walioikubali walikuwa kadiri ya 10 tu katika kila 100. Miaka 3 baadaye walikuwa kadiri ya 40. Mwaka 1941 wote walikuwa wameikubali, isipokuwa watu wawili. Tena mwenye kuikubali hakuipanda shambani kote siku ile ile. Alitenga kipande, akatazama, akaongeza, na kwa desturi ilimchukua miaka 3 au 4 hata shamba zima likawa la chotara. Hao ndio watu wa motokaa na magazeti! Walikuwa pia katika miaka ya dhiki, bei ya mahindi imeanguka, na fedha ya mbegu haikupatikana kwa urahisi.

Walipoulizwa habari za mbegu walizisikia kwa nani kwanza, karibu nusu walijibu: kwa wauzaji. Walipoulizwa ni nani hasa aliyewafanya wakubali, karibu nusu waliwataja majirani. Twamwomba msomaji asimame kidogo hapa. Mwuzaji hupata riziki yake kwa maneno, na mvua isiponyesha yeye halali njaa. Jirani ametia chakula cha watoto wake katika udongo ule ule, na shamba lake liko wazi mbele ya kila apitaye. Kisha ukaja ukame wa mwaka 1934, na mwingine wa mwaka 1936, na chotara ikavumilia kuliko mbegu ya zamani. Hapo hapakuhitajiwa mhubiri.

Habari hii si ya Marekani peke yake, maana mbegu ya namna hiyo ilitengenezwa pia Kitale, katika Kenya. Wataalamu wa huko waliyachanganya mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador, na mwaka 1964 wakatoa chotara iitwayo H611. Wakulima wadogo wa nyanda za juu za magharibi waliipokea upesi kuliko wale wa Iowa. Baadhi yao walikuwa wameiona katika mashamba makubwa yaliyo karibu; nayo iliuzwa kwa vifuko vidogo katika maduka ya vijijini, hata mwenye shilingi chache aliweza kujaribu pembeni mwa shamba. Lakini upande wa Ukambani, penye mvua chache, mahindi ya Kitale hayakufaa, maana hukawia kukomaa na mvua hukatika mapema. Aliyeyakataa huko alikuwa amehesabu sawasawa. Watu wa nchi kavu walitengenezewa mahindi yao, yaitwayo Katumani, yakomaayo upesi. Nayo si chotara, mkulima aweza kujiwekea mbegu.

Jambo hili la kuweka mbegu si dogo. Mwaka mmoja shuleni kwetu fedha zilipungua, nasi tukawaagiza wanafunzi wapande punje za chotara tulizovuna wenyewe. Mabua yakatoka marefu kwa mafupi kama watu sokoni, na mavuno yakawa haba. Mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wetu, alipita akatazama, asiseme kitu. Kwake, juu ya meko, mahindi ya mbegu ya zamani yangali yakining'inia katika moshi. Nusu ya shamba lake hupanda chotara, na nusu mbegu aliyopewa na mama yake. Tulipomwuliza kwa nini asipande chotara shamba zima, hali ameona faida yake, akatujibu, "Mwalimu, mwaka nitakaokosa fedha nitapanda nini?"

Hatukuwa na jibu la kumpa.