Mashine Imekufa, Deni Li Hai

Naanza na jambo dogo lililotokea Beni mbele ya macho yangu. Jioni moja tulikuwa watu wanne mezani, katika restora moja ya mjini. Tulikula samaki na sombe, tukashiba. Mgeni wetu, mtu aliyetoka mbali, akasema: «Leo mimi ndiye mwenye kulipa.» Akatoa kadi yake ya benki. Msichana aliyetuhudumia akaleta mashine, akaingiza kadi, tukangoja. Kumbe, rezo imekatika. Akajaribu mara ya pili na ya tatu. Mwisho kioo cha mashine kikazimika kabisa.

Mgeni akainuka. «Fedha ninayo,» akasema, «mashine yenu ndiyo mbovu. Kosa si langu.» Yule msichana akajibu polepole: «Papa, ukitoka hivi, usiku patron atahesabu sahani, na kinachopungua atakikata katika mshahara wangu.»

Neno lile lilitusimamisha. Chombo cha kulipia kikifa, nani mwenye deni? Kabla ya kusema tulivyomaliza, tutazame kwanza mambo yaliyoipata nchi yetu. Maana hapa kwetu si mashine tu zilizokufa. Fedha yenyewe imekufa, tena zaidi ya mara moja.

Zamani za mababu, Wayira wa milima hii walipeleka vyakula upande wa mashariki, wakarudi na chumvi ya Katwe, iliyo katika nchi ya Uganda ya leo. Aliyepokea chumvi hakuwa na shida ya kujua kama mali yake ni nzima: aliionja kwa ulimi. Lakini fedha ya karatasi haionjwi. Nguvu yake ni ahadi tu, kwamba kesho mtu mwingine ataipokea.

Ahadi hiyo ilianza vizuri. Tarehe 24 Juni 1967 serikali iliondoa faranga, ikaweka zaire. Zaire moja ilichukua mahali pa faranga 1,000, na thamani yake ilikuwa dola mbili za Marekani. Vipande vyake vidogo viliitwa makuta. Neno hilo limedumu kuliko fedha yenyewe: mpaka leo vijana wetu huita fedha yoyote makuta, ingawa hawakuwahi kuishika likuta hata moja.

Kisha, siku za Noeli ya mwaka 1979, ikatangazwa kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina thamani tena. Mipaka ikafungwa. Watu wakapewa siku chache za kubadilisha noti zao, tena kwa kiasi kilichowekwa. Mkubwa mwenye rafiki katika benki aliweza kujiponya. Lakini mkulima aliyefunga fedha ya mavuno katika kitambaa na kuificha nyumbani, kwa kuwa benki ilikuwa mbali, alibaki na karatasi. Hakuiba, wala hakuwa mvivu. Jasho lake lilikufia mkononi mwake.

Mwaka 1993 ulileta mabaya zaidi. Mobutu aliwalipa askari kwa noti mpya ya zaire milioni 5. Étienne Tshisekedi, waziri mkuu aliyekuwa akishindana naye, alikuwa amesema noti hiyo si halali. Askari wakaenda kununua vitu, na wauzaji wa Kinshasa wakaikataa. Basi, mwishoni mwa Januari askari wakashika silaha, wakapora mji, na watu wengi wakauawa, hata balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard. Fikirini jambo hili: noti ilikuwa na picha na sahihi zote, lakini haikuweza kununua mkate, maana mwenye kuitoa na mwenye kuipokea hawakupatana juu yake.

Oktoba ya mwaka huohuo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Watu wa Kasai waliikataa kabisa, wakaendelea na zile za kwanza. Tarehe 30 Juni 1998 faranga ikarudi, moja kwa zaire mpya 100,000. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1966 alikuwa ameona fedha nne kabla ya kutimiza miaka 33.

Je, watu wa Butembo na Beni waliishi namna gani katika miaka hiyo? Walishika dola, nayo ina masharti yake: ikiwa na mpasuko mdogo kama ukucha, muuzaji huirudisha. Lakini zaidi ya dola, walishika neno la mtu. Wafanyabiashara wa Butembo walisifiwa kwa jambo hilo. Waliagiza mali pamoja kutoka Asia, kontena zikipita Mombasa na mpaka wa Kasindi. Mmoja alimwamini mwenzake hata wakati wa vita, serikali ilipokuwa mbali na mji ukiwa hauna umeme wa shirika la taifa. Mama wa soko naye ana kaye yake ya madeni, na wenzake wa likelemba hupeana fedha kwa zamu. Katika vyama hivyo hakuna mashine. Kuna jina, na jina likiharibika halitengenezwi upesi.

Kisha ikaja simu. Mwaka 2012 M-Pesa iliingia Congo, na simu ikawa mfuko wa wengi. Ni msaada mkubwa, lakini nayo yahitaji rezo. Hata benki yaweza kunyamaza: mwishoni mwa Januari 2025, M23 walipoingia Goma, benki za mji ule zilifunga milango. Mtu alikuwa na fedha katika hesabu yake, lakini hakuweza kuitoa anunue unga. Mgeni wetu wa Beni alionja kidogo tu, kwa jioni moja, mambo waliyoyapata watu wa Goma kwa miezi.

Tena kadi yenyewe haikuzaliwa na mashine. Mwaka 1950, katika mji wa New York, Frank McNamara na mwenzake Ralph Schneider walianzisha Diners Club, ili watu waweze kula katika restora bila kubeba fedha. Kadi zao za kwanza zilikuwa za karatasi ngumu. Mlaji alionyesha jina lake, akatia sahihi, akalipa baadaye. Hapakuwa na rezo. Palikuwa na uaminifu. Mashine ilikuja nyuma, kama mtumishi wa uaminifu huo. Basi, mtumishi akiugua, bwana wake hafi.

Sasa nimalize habari ya Beni. Tulitoa faranga zetu zote mezani, hazikutosha. Tukamwita patron. Mgeni akaandika katika kaye jina lake, kiasi kilichobaki, na namba ya simu, akatia sahihi. Patron akakubali, akamwambia msichana mbele yetu: «Hili si lako.» Asubuhi, kabla ya kupanda gari, mgeni alirudi na fedha mkononi. Akaomba ukurasa ule ufutwe yule msichana akitazama.

Ndugu zangu, ulizeni kabla ya kuketi kama mashine inafanya kazi. Wekeni noti kidogo mfukoni, nzima, zisizopasuka. Na siku vyote vikikataa, msimwachie mdogo mzigo. Mwaka 1979 wakubwa walifuta noti, na mkulima akalipa. Tusifanye hivyo mezani petu, tukimwachia msichana wa sahani deni la chakula tulichokula sisi.